Namba iliyomtoa profesa nyumbani

Arthur Eddington anajulikana zaidi kwa safari ya mwaka 1919, alipokwenda kisiwa cha Príncipe, magharibi mwa Afrika, kupiga picha za nyota wakati wa kupatwa kwa jua, akarudi na vipimo vilivyoiunga mkono nadharia ya Einstein. Wanaastronomia wanamkumbuka kwa hilo. Sisi wapenda baiskeli tunamkumbuka kwa jambo dogo zaidi: kanuni ya kujipima inayoitwa kwa jina lake, iliyomfanya profesa huyu wa Cambridge aendelee kukanyaga pedali hadi uzeeni bila kocha, bila mashindano na bila medali.

Kanuni yenyewe ni hii. Namba yako ni ile kubwa kabisa ambayo idadi ya siku ulizofikisha maili hizo inalingana nayo au kuizidi. Ukiwa na siku 30 ambazo kila moja ulifikisha maili 30 au zaidi, namba yako ni 30. Kuipata 31 unatakiwa uwe na siku 31, kila moja isiyopungua maili 31. Namba ikishapanda haishuki.

Tuitazame ilivyoundwa, maana ufundi wote umo humo. Wengi hujipima kwa jumla ya kilomita za mwaka. Kipimo hicho kina mlango wa nyuma: unaweza kuzungukazunguka mtaani kila jioni na jumla ikakua vizuri tu, ilhali hujawahi kutoka nje ya mji. Wengine hujivunia safari yao ndefu kuliko zote. Hao nao hupandwa na wazimu siku moja, wakafika mbali, kisha wakaitundika baiskeli ukutani na kusimulia kwa miaka 10. Namba ya Eddington inawakataa wote wawili. Safari fupi, hata ziwe elfu, zinaishia kwenye namba ndogo. Safari moja ya maili 200 inahesabiwa siku moja tu, sawa na ile ya maili 31. Kinachotakiwa ni umbali wa kutosha, tena na tena.

Ugumu unaanza pale mtu anapodhani kupanda ngazi moja ni kuongeza safari moja. Chukua mwendeshaji wa Kisumu anayepima kwa kilomita na namba yake ni 40. Daftari lake lina siku 43 zilizofika kilomita 40. Anaona 41 iko mkononi. Lakini akizikagua, siku 6 kati ya hizo ziliishia kilomita 40 na ushei, hazikufika 41. Zote 6 zinaanguka. Amebaki na siku 37, kwa hiyo anadaiwa safari 4, si moja. Kadiri namba inavyokua, ndivyo kila ngazi inavyofuta safari za zamani na kudai mpya zilizo ndefu zaidi.

Eddington mwenyewe alibanwa na hesabu hiyo. Mwaka 1938, akiwa na miaka 55, alimwandikia barua Subrahmanyan Chandrasekhar kwamba namba yake bado ni 75 na kwamba alihitaji safari nyingine 4 ili kupanda. Alilalamika kidogo kwamba msimu wa Pasaka alifanya safari mbili za maili 74 na robo tatu, nazo hazikuhesabika. Robo maili ni kama mita 400. Mtu mwingine angeizunguka nyumba mara kadhaa kabla ya kushuka kwenye baiskeli, au angeandika 75 na kunyamaza, nani angemkagua? Yeye aliziacha. Hapo ndipo namba inapopata thamani, kwa sababu daftari la mtu peke yake halina refa.

(Huyo Chandrasekhar ndiye Mhindi kijana ambaye Eddington alimkejeli hadharani mjini London mwaka 1935 kwa nadharia yake ya nyota zinazokufa, nadharia ambayo baadaye ilithibitika na kazi yake juu ya nyota ikampa Tuzo ya Nobel mwaka 1983. Wakaendelea kuandikiana habari za baiskeli.)

Maili 74 na robo tatu ni kama kilomita 120, yaani karibu sawa na Mombasa hadi Malindi. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa ni saa 6 juu ya kiti, bila kuhesabu kituo cha chai wala pancha. Pwani kwetu tuna msaada ambao Eddington hakuwa nao: wakati wa kusi, upepo unakusukuma mgongoni kuelekea Malindi, na kurudi unapakia baiskeli kwenye gari. Kanuni haisemi lazima urudi kwa pedali. Inahesabu ulichoendesha siku hiyo.

Sasa njoo kwenye barua ya pili kwa Chandrasekhar, ya Septemba 1943. Namba imefika 77. Ngazi mbili tu kwa miaka mitano. Vita vilikuwa vimeanza, na tangu 1940 hakuweza kufanya ziara ndefu za baiskeli kwa sababu hakuwa na uhakika wa kupata mahali pa kulala njiani. Lakini siku chache kabla ya kuandika alikuwa ametoka kuendesha maili 80 katika nchi tambarare iliyo karibu na Cambridge, na safari hiyo ndiyo iliyompandisha. Alikuwa na miaka 60.

Hiyo 80 ndiyo somo la ufundi ninalolipenda kuliko yote. Ili kupata 77, safari ya maili 77 ilitosha. Kwa kuongeza maili 3, alipata siku itakayohesabika pia kwa 78, kwa 79 na kwa 80. Ilikuwa akiba. Anayeendesha kwa kubania, akigusa lengo tu na kugeuza, atalazimika kuirudia kazi yote kwenye ngazi inayofuata, kama yule wa Kisumu na siku zake 6 zilizoanguka. Ukishakuwa barabarani, maji yapo na miguu imeshapata moto, kilomita 5 za ziada ni rahisi kuliko kuamka alfajiri siku nyingine.

Kuhusu maili au kilomita, usizibadilishe katikati. Namba ya maili haigeuzwi kuwa ya kilomita kwa kuzidisha, kwa sababu kipimo kikibadilika, idadi ya siku zinazofuzu inabadilika pia. Lazima ulirudie daftari zima, siku kwa siku. Kwa huku kwetu chagua kilomita: ngazi ni fupi na zinapandwa haraka, jambo linalomfaa anayeanza.

Kipimo hiki kina dosari moja kubwa. Fikiria fundi anayebeba vifaa vyake kwenye baiskeli ya Phoenix kilomita 10 kwa siku, siku 300 za mwaka, kwa miaka 20. Ameendesha kilomita 60,000. Siku 77 za maili 77, ambazo ndizo pekee tunazoweza kumhesabia Eddington kwa hakika kutokana na namba yake, ni maili 5,929, kama kilomita 9,500. Hata hivyo fundi huyo, kwa kilomita, ana namba 10. Kwa hiyo tusiitumie kusema nani mwendeshaji hodari. Ni chombo cha mtu mwenye nafasi ya Jumamosi anayetafuta sababu ya kutoka, na kwa kazi hiyo sijaona kinachoishinda.

Ukitaka kuijaribu, weka namba mbili: moja ya maisha, na nyingine ya mwaka inayoanza sifuri kila tarehe 1 Januari, ili msimu mbaya usikukatishe tamaa. Kwa mtu mwenye kazi na familia, 30 kwa mwaka kwa kilomita ni lengo la heshima: siku 30 za kilomita 30, ambazo hazifiki hata 3 kwa mwezi. Nunua daftari, andika tarehe na umbali bila kukuza desimali, na uanze Jumamosi hii.