Kamera za Fremu Kamili za Canon: Mkakati Unavyosomeka

Mkakati wa Canon katika kamera za fremu kamili, yaani zenye sensa ya milimita 36 kwa 24, husomeka zaidi katika kile ambacho kila kamera imenyimwa kuliko katika matangazo yake. Msingi wake ni mdomo wa lenzi. Mdomo wa EF, uliotumika tangu 1987, uliiweka lenzi milimita 44 mbele ya sensa. RF, uliokuja na EOS R mnamo Septemba 2018, ulipunguza nafasi hiyo hadi milimita 20, kwa kuwa kioo cha ndani kiliondolewa. Pengo la milimita 24 huzibwa na adapta iliyo tupu ndani. Lenzi ya zamani basi huingia kwenye bodi mpya bila kupoteza ubora, lakini lenzi ya RF haiingii kwenye bodi ya zamani. Mpigapicha wa harusi wa Ukunda, pwani ya kusini ya Kenya, mwenye lenzi za EF za mtumba huvuka bila kuuza chochote, ila akinunua lenzi moja ya RF, kurudi ni hasara.

Bodi za bei nafuu ndizo zinazosema mengi. EOS RP ya 2019, iliyoanza kuuzwa dola 1,299 nchini Marekani, ilipewa sensa iliyotokana na ile ya 6D Mark II ya 2017. R8 ya 2023, dola 1,499, ilipewa sensa ileile ya R6 Mark II iliyouzwa dola 2,499. Kilichopunguzwa ni betri, mtambo wa kutuliza mtikisiko ndani ya bodi, na nafasi ya kadi ya pili. RP haifungi hata shata inapozimwa, ilhali EOS R huifunga. Kwa anayebadilisha lenzi ufukweni Galu upepo wa kusi ukirusha mchanga, sensa hubaki wazi. Gharama pekee haielezi upungufu huu. Nafasi ya kadi ni kitu kidogo kiwandani, lakini ndoa haifungwi upya kwa sababu kadi imeharibika, na hofu hiyo ndiyo inayompandisha mtu wa kazi hadi daraja la R6.

Upande wa video, joto ndilo lililoonyesha njia. R5 ya Julai 2020 ilirekodi 8K, na Canon yenyewe ilitaja kikomo cha takriban dakika 20 katika nyuzi 23. Alasiri ya kaskazi Diani hupita nyuzi 30, hivyo kikomo hicho hapo ni cha karatasini. R5 C ya 2022 ikaja na feni, R5 Mark II ya 2024 ikawekewa kishikio chenye feni kinachouzwa kando, na mwaka 2025 C50, kamera ndogo ya sinema, ikawa na feni ndani kwa bei iliyo chini ya dola 4,000. Feni inashuka daraja mwaka hadi mwaka. Dalili ni kwamba mnunuzi anayelengwa sasa hurekodi muda mrefu.

Penye ukaidi ni lenzi. Aprili 2024 watengenezaji wa lenzi Sigma na Tamron walitangaza lenzi za RF kwa leseni ya Canon, lakini za sensa ndogo tu. Fremu kamili, ambako lenzi moja ya daraja la L, daraja la juu la Canon, huweza kuzidi bei ya R8, haikuguswa. Bodi ni mlango. Faida imewekwa kwenye lenzi, na kwa mpigapicha wa Diani au Msambweni adapta na lenzi za EF zinabaki hesabu nafuu.