Matiko ya Kisu: Uhakiki wa Istilahi za Ufuaji Chuma

Imeletwa mezani petu rasimu ya istilahi za ufuaji chuma, iliyokusudiwa kuwasaidia walimu wanaowafundisha vijana kutengeneza visu kwa vyuma chakavu. Kusudi lake ni jema. Mafundi wa mitaani, kama wale wa Gerezani mjini Dar es Salaam na wa Kamukunji mjini Nairobi, hugeuza vyuma vilivyotupwa kuwa vyombo vya kazi kwa nyundo, koleo na tupa, na kazi yao yastahili lugha iliyo sahihi. Hata hivyo, rasimu hii ina makosa matatu ambayo hatuwezi kuyanyamazia.

La kwanza ndilo kubwa. Mtungaji ametumia "kutia matiko" kwa vitendo viwili vinavyopingana. Mfuachuma akisha kuunda kisu kwa bapa la springi ya gari, hukichoma mpaka kiwe chekundu na kisivutwe tena na sumaku, yaani joto lipatalo nyuzi 800 za Selsiasi, kisha hukizamisha katika mafuta. Hapo chuma huwa kigumu sana, lakini huvunjika upesi kama kioo. Kwa hiyo hukipasha tena moto mdogo, wa nyuzi 200 na kitu, akitazama rangi ya uso wake uliosuguliwa ikigeuka kuwa ya majani makavu. Kitendo hicho cha pili hupunguza ugumu kidogo ili kisu kiwe na ustahimilivu.

Mwanafunzi atakayefuata rasimu hii atatia matiko, kisha atatia tena, wala hatayapunguza kamwe. Kisu chake kitavunjika siku ya kwanza kitakapogonga mfupa, na kipande kinaweza kumrukia jichoni.

Chanzo cha kosa si mtungaji peke yake. Kamusi za zamani zilifasiri "kutia matiko" kwa neno la Kiingereza "temper", ambalo liliwahi kutumiwa kwa maana pana ya kukigumisha chuma. Katika vitabu vya ufundi vya leo neno hilo lina maana ya kinyume chake. Aliyefasiri kwa kulinganisha kurasa mbili za kamusi hangeweza kuliona hilo. Sisi wenyewe tuliposoma rasimu mara ya kwanza hatukuliona. Tulizinduliwa na fundi mmoja tuliyemsomea orodha hiyo: alituuliza kwa nini tunatia mara mbili na hatupunguzi hata mara moja. Katika swali lake tulipata istilahi tuliyoikosa. Twapendekeza basi "kutia matiko" kwa kitendo cha kwanza, "kupunguza matiko" kwa cha pili, na "kulainisha chuma" pale kinapochomwa na kuachwa kipoe polepole ili kikatike kwa tupa.

Kosa la pili ni kutumia neno "chuma" kwa kila kitu. Nondo ya ujenzi ya kawaida ina kaboni kidogo, aghalabu isiyozidi asilimia 0.25, nayo haishiki matiko ya kufaa kisu. Springi huwa na kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.6, nayo hushika vizuri. Mwalimu akiambiwa tu achukue "kipande cha chuma", ataokota chochote. Kiswahili kina neno "pua" tangu zamani kwa chuma kigumu cha namna hiyo. Bahati mbaya, siku hizi "chuma cha pua" hutajwa zaidi kwa vyombo visivyoshika kutu. Twaona "pua" irudishiwe maana yake pana, na kile kingine kiitwe "pua isiyoshika kutu".

La tatu ni kubuni pasipo haja. "Sehemu ya chuma iingiayo katika kishikio" ni maelezo, si istilahi. Sehemu hiyo huitwa msuka, na kishikio chenyewe ni mpini. Pete inayokaza mpini ni noleo. Hayo yamo katika kamusi zetu. Hayakungoja mtu ayabuni.

Huenda mtu akasema kwamba maneno ya mafundi hutofautiana mahali na mahali, na kwamba kazi ya usanifishaji ni kuchagua. Ni kweli. Lakini hatuwezi kuchagua tusichokisikia, wala kutaja tofauti baina ya vitendo viwili ambavyo hatujavishuhudia. Yafaa kila rasimu ya istilahi za ufundi isomwe mbele ya fundi, karibu na moto wake, kabla haijapigwa muhuri.

Twawaomba wasomaji, hasa walimu wa ufundi, watuletee majina yanayotumika kwao kwa kitendo cha kupunguza matiko. Likipatikana lililo bora kuliko hili letu, tutalipokea kwa furaha.