Duara Linaloitosha Nyota

Nyota zilivyo mbali, kila moja ingepaswa kutokea pichani kama nukta. Haitokei hivyo. Hewa isiyotulia juu yetu huutawanya mwanga wake ukawa doa: katikati ng'avu, pembezoni hafifu, mpaka halina. Apimaye mng'ao hulizungushia doa hilo duara, kisha hujumlisha mwanga wa pikseli zote zilizomo. Ufundi wenyewe uko hapo: duara liwe kubwa kiasi gani?

Wengi hukimbilia kulipanua ili wasipoteze kitu. Lakini anga nalo lina mwanga wake. Fundi huupima kwa pete iliyo nje ya duara na kuutoa, ila kinachotoka ni kiwango chake cha kawaida tu. Mtikisiko wake hubaki. Nusu kipenyo kikiongezwa mara mbili, eneo huwa mara nne na mtikisiko huo maradufu, ilhali nyota ilikwisha kutoa karibu yote iliyokuwa nayo. Duara likibanwa mno, hewa ikichafuka kidogo tu mwanga hutoka nje yake, na nyota isiyobadilika huonekana imefifia.

Kwa hiyo fundi huanza kwa kupima upana wa doa kwenye nusu ya kilele cha mng'ao. Mng'ao wa doa ukifuata umbo la kengele la mgawanyo wa kawaida, nusu kipenyo kilicho sawa na upana huo hukusanya takriban asilimia 94 ya mwanga. Kwa nyota hafifu iliyozidiwa na anga, kipimo bora ni kama theluthi mbili ya upana huo, nacho hukusanya takriban asilimia 72 tu. Hapa ndipo ninapouheshimu ufundi huu: zaidi ya robo ya mwanga huachwa kwa hiari, na jibu huwa thabiti zaidi. Mtaka yote hukosa yote.

Hasara hiyo hufidiwa kwa uadilifu. Nyota zote za picha hupewa duara lilelile, zikapoteza sehemu ileile, na uwiano kati yake ukabaki. Uthabiti wa vipimo una thamani kubwa: mwaka 1999, kwa darubini ya kipenyo cha takriban sentimita 10, David Charbonneau na wenzake waliona nyota HD 209458 ikififia kwa chini ya asilimia 2, sayari ikipita mbele yake.

Wewe unayeanza, usiipokee namba ya duara inayopendekezwa na programu ya kupimia kabla hujaijaribu. Pima kwa maduara kadhaa nyota ijulikanayo kuwa haibadiliki, kisha chagua duara linaloonyesha hivyo.