DPPH haina ngozi

TFC za namna hii tunazijua wote. Mtu anachukua majani ya moringa ao maganda ya avoka, anayakamua, anapima na DPPH, rangi ya zambarau inageuka njano, na mwishoni anaandika kama mmea huo "unaweza kusaidia magonjwa ya ngozi". Kisha sentensi hiyo inatoka kwenye TFC, inaenda kukaa kwenye etiketi ya kopo: mafuta ya asili, antioksidanti nyingi, dawa ya ekzema. Na mama mwenye mtoto anayejikuna usiku kucha anatoa franga.

Tuseme kwanza DPPH ni kitu gani. Ni radikali ya kutengenezwa, mwilini haiko. Kipimo kinaonyesha kama ekstre yako inaweza kuituliza ndani ya tube. Ni hiyo tu.

Wazo lenyewe si la kijinga. Ngozi yenye ekzema inawaka, na moto huo unaandamana na radikali nyingi. Lakini shida kubwa ya ekzema ni ukuta wa ngozi: maji yanatoka, vitu vya kuchokoza vinaingia, mishipa ya kuwasha inaamka. Antioksidanti haijengi ukuta.

Na hapa sisi wa agro ndio tungepaswa kusema, juu tunajua mafuta. Mafuta ya moringa yana asidi oleiki karibu 70%, avoka mara nyingi zaidi ya nusu, mawese karibu 40%. Utafiti mmoja wa Uingereza uliotoka 2013 uliwapaka watu wazima mafuta ya mizeituni, nayo yamejaa asidi hiyo, kwenye mkono kwa wiki kadhaa. Ukuta wa ngozi ulilegea, hata kwa wale wasiokuwa na ekzema. Alizeti haikufanya hivyo. Kumbe unaweza kuleta vitamini E kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mkono wa pili! Tena vitamini E hiyo, watengenezaji wengi wanaitia ndani juu mafuta yasioze, na kuna watu inawapa aleji. Na bidoni ya mawese iliyoshinda kwenye jua sokoni, antioksidanti zake zimekwisha kutumika kuyalinda mafuta yenyewe.

Kwa nini basi watu wananunua? Wanaogopa kortizoni, na siwalaumu. Tumeona dada zetu walioharibika ngozi na pomadi za kujichubua zenye clobetasol. Lakini clobetasol iko katika kundi la nguvu kabisa, na hidrokortizoni ya 1% ni ya chini kabisa. Muganga akiandika hii ya pili kwa siku chache, si maneno yale yale. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba "asili" inaweza kuficha ile ile tunayoikimbia. Mwaka 2003, huko Birmingham, waganga walipima pomadi 24 za miti shamba ambazo wazazi waliwapaka watoto wenye ekzema: 20 zilikuwa na kortizoni ndani, zingine clobetasol. Kwa hiyo kopo lisiloandikwa vitu vyake, likiponyesha mtoto kwa siku tatu, mimi ndilo ninaliogopa.

Wakati tunabishana, vaselini ya kawaida bila harufu, ikipakwa kila siku wakati ngozi ingali na unyevu wa kuoga, inazuia maji kutoka. Bei yake ni ndogo, lakini hakuna TFC ya kuisifu. Na vidonda vikianza kutoa usaha, hapo ni hospitali, hakuna mafuta.

Sisemi tuache moringa. Anayetaka kuandika juu ya ekzema atafute muganga wa ngozi wa kumsimamia pamoja na profesa wetu, alinganishe mafuta yake na vaselini, apime maji yanayotoka kwenye ngozi, aulize wagonjwa wamelala saa ngapi. Bila hiyo, aandike tu kama ekstre yake imetuliza DPPH, kisha aweke nukta. Na bajiri siku ya kutetea waulize: ulipaka ngozi ya nani?