Springi Ndiyo Kisu

Kazi za kisu ofisini ni ndogo. Kukata utepe wa katoni ya karatasi, kufungua bahasha iliyogandishwa kupita kiasi, kumenya chungwa saa kumi jioni, kuondoa uzi uliochomoza kwenye mkono wa shati dakika mbili kabla ya kikao. Wembe wa plastiki wa bei ya chai huzimaliza zote. Kwa hiyo anayechagua kisu cha kukunja cha jadi, chenye mpini wa pembe au wa mti, asijisumbue kujitetea kwa hoja ya kazi. Anakichagua kwa sababu kimetengenezwa vizuri. Swali lililobaki ni moja: ukikishika mkononi, utajuaje kwamba kimetengenezwa vizuri?

Wengi huanza na bapa. Huuliza ni chuma gani, kinashika makali kwa muda gani, kinapata kutu au hakipati. Wengine huanza na mpini, maana huo ndio unaong'aa kwenye kabati la kioo dukani. Mimi huanza na springi, au kamani kama wanavyoiita mafundi saa wa zamani, na nitakawia hapo kidogo, kwa kuwa hapo ndipo fundi hana pa kujificha.

Tuchukue kisu cha Sheffield, mji wa kaskazini mwa Uingereza uliofua visu tangu zama za kati. Chama cha mafundi visu wa eneo hilo, linaloitwa Hallamshire, kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624, na hadi leo kipo. Kisu cha mfukoni cha huko, kile cha kawaida kabisa, hakina kufuli. Kina bapa moja, mabamba mawili membamba ya shaba ya manjano, vipande viwili vya mpini, pini chache, na ukanda mmoja wa chuma uliolala mgongoni. Ukanda huo ndio springi. Umefungwa kwa pini katikati na nyuma, lakini upande wa mbele uko huru, na upande huo huru hukandamiza kitako cha bapa usiku na mchana. Unapofungua kisu, pembe ya kitako huinua springi, nayo hupinda kwa unene wa ukucha au pungufu, halafu bapa likinyooka springi hushuka na kukaa juu ya ubavu ulionyooka wa kitako. Kinachozuia kisu kisikunjike ni mkandamizo huo tu.

Sasa tazama kazi inayodaiwa hapo. Springi ikiwa kali mno, kucha itavunjika kabla kisu hakijafunguka. Ikilegea, bapa litafunguka lenyewe mfukoni. Kitako kikiachwa kirefu kidogo, springi itatokeza juu ya mgongo. Kikipunguzwa kupita kiasi, itazama, na chuma kilichokwisha kuliwa na tupa hakirudi. Basi fundi huenda taratibu. Hupitisha tupa mara moja, hushikiza vipande kwa pini ya muda, hufungua, huinua kisu kwenye mwanga wa dirisha na kuchungulia kati ya springi na mabamba, huchomoa pini, hupitisha tupa tena. Hufanya hivyo mpaka mgongo uwe mstari mmoja kisu kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa. Mafundi hodari hupata mstari huohuo hata kisu kikisimama nusu, na hilo ukiliona usilipite haraka.

Moto nao una sehemu yake. Bapa na springi hupashwa hadi kuwa vyekundu, kisha huzamishwa kwenye mafuta au maji ili viwe vigumu. Vikiachwa hivyo huvunjika kwa kuanguka tu sakafuni. Kwa hiyo hupashwa upya, safari hii kwa upole, na hapo vinaachana. Bapa hutolewa motoni uso wake unapogeuka rangi ya majani makavu, karibu nyuzi 230 za Selsiasi, ili libaki gumu na lishike makali. Springi huendelea hadi iwe ya buluu, karibu nyuzi 300, ili ikubali kupinda maelfu ya mara na kurudi mahali pake. Zamani hakukuwa na kipimajoto kwenye karakana ndogo. Jicho ndilo lililopima rangi, na dakika moja ya kuzubaa iliharibu kazi ya asubuhi nzima.

Mafundi wa Sheffield husema kisu kizuri hutembea na kuzungumza. Kutembea ni ule mwendo laini wa bapa juu ya springi, bila kukwaruza wala kuyumba. Kuzungumza ni mlio mfupi, mkavu, linapofika mwisho. Anayenunua kwa kuangalia picha ananunua bubu.

Na historia ya mji wenyewe inainuliwa na springi. Benjamin Huntsman, aliyezaliwa mwaka 1704, alikuwa fundi saa wa Doncaster. Chuma cha wakati ule hakikuwa sawa ndani: sehemu ngumu, sehemu laini, na taka katikati, kwa hiyo kamani za saa zake zilimwangusha. Alihamia Handsworth, karibu na Sheffield, na kufikia miaka ya 1740 alikuwa ameweza kuyeyusha chuma ndani ya vyungu vya udongo mpaka kikawa maji na taka ikaelea juu. Kilichopoa kikawa na asili moja kutoka ukingo hadi ukingo. Mafundi visu wa Sheffield walikikataa. Walidai ni kigumu mno kufua. Huntsman akauza Ufaransa. Visu vya Kifaransa vya chuma hicho vilipoanza kuingia Uingereza na kupendwa, wale wale waliokataa wakabadili wimbo.

Nikirudi kwenye kuchagua: umbo ninalolipendekeza kwa mtu wa ofisini ni lile Waingereza wanaloliita mguu wa mwanakondoo. Makali yake yamenyooka kutoka kitakoni hadi mwisho, na mgongo ndio unaoteremka kuyafuata. Ncha yake ni butu kwa macho ya mtazamaji, kwa hiyo ukikitoa mbele ya wenzako kufungua kifurushi hakuna anayesogeza kiti. Makali yaliyonyooka hukata karatasi juu ya meza kwa urefu wake wote, na kuyanoa ni rahisi, kwani kinoo cha kawaida kimenyooka pia. Visu vyenye bapa sita, kifungua chupa na mkasi vina heshima yake. Kwa Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851, kampuni ya Joseph Rodgers ilitengeneza kisu cha Norfolk chenye bapa na vifaa 75. Ni cha kustaajabia. Mfukoni hakiingii.

Udogo na kukosa kufuli vina faida nyingine. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1988 inaruhusu mtu kubeba hadharani, bila kutoa sababu, kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, mahakama zikaamua baadaye kwamba chenye kufuli hakimo katika ruhusa hiyo. Anayefanya kazi Leeds au London ajue hilo. Aliye Nairobi au Dar es Salaam amuulize kwanza mlinzi wa jengo, na popote ulipo, siku ya safari ya ndege kiweke kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege.

Kuhusu chuma sina maneno mengi. Sheffield ndiko Harry Brearley alikoyeyusha chuma kisichoshika kutu mwaka 1913, na mwanzoni mafundi visu walimcheka kwamba amevumbua visu visivyokata. Siku hizi vinakata vizuri. Hata hivyo mimi nachagua chuma cha kaboni, kinachogeuka kijivu kwa maji ya machungwa na kunoleka kwa muda mfupi. Kifute baada ya tunda, basi.

Mpini unahitaji neno zito zaidi, kwa kuwa pwani yetu imo ndani yake. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe za ndovu za Afrika Mashariki, zilizobebwa mabegani kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo. Na Sheffield, ikiongozwa na akina Rodgers, ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa pembe duniani. Visu vyenye mipini ya pembe hizo bado vinaonekana kwenye makabati ya wauza vitu vya kale, ingawa sheria ya Uingereza inayofanya kazi tangu mwaka 2022 imebana sana biashara yake. Viache huko. Pembe ya ng'ombe au ya nyati maji, iliyong'arishwa na mkono unaojua, ina michirizi ambayo hakuna mbili zinazofanana.

Wala nisisifu karakana bila kutaja vifua. Kabla ya feni za kufyonza vumbi, wanoaji wa Sheffield walikaa siku nzima juu ya jiwe linalozunguka, wakivuta unga wa jiwe na chuma, na wengi hawakuuona uzee. Banda moja lililoendeshwa kwa maji walilofanyia kazi, Shepherd Wheel kwenye kijito cha Porter, limehifadhiwa na hufunguliwa kwa wageni. Aliyeonyesha upande wa pili wa ufundi huo alikuwa Stan Shaw. Alianza akiwa na miaka 14, akafanya kazi zaidi ya miaka 70, akitengeneza kisu kizima peke yake huku wateja wakisubiri zamu, hadi alipofariki mwaka 2021.

Ukienda kununua, omba ukifungue mwenyewe, polepole, karibu na dirisha. Litikise bapa kulia na kushoto likiwa wazi. Chungulia mgongoni: ukiona mwanga kati ya springi na bamba, mrudishie muuzaji, hata kama mpini umekupendeza. Bapa moja la mguu wa mwanakondoo, chuma cha kaboni, pembe ya ng'ombe, na springi inayozungumza: hicho ndicho ningekupa.