Kikubwa ni Kipi? Tahakiki ya Istilahi za Mashine ya Kukuzia Picha

Utangulizi

Istilahi hupimwa kazini. Neno laweza kupendeza likiwa katika orodha, likapata idhini ya wajuzi wa sarufi, na bado likamponza fundi siku atakapolitumia mbele ya chombo chenyewe. Katika makala haya tunakusudia kulipima kwa kipimo hicho fungu dogo la maneno, nayo ni maneno ya mashine za zamani za kukuzia picha, hasa zile zilizoundwa kwa ajili ya negativu kubwa. Kilichotuchochea ni rasimu ya mwongozo wa Kiswahili wa kuzitengeneza na kuzitumia mashine hizo, ambayo tuliombwa kuipitia. Mfasiri wake hatutamtaja. Juhudi yake ni ya kusifiwa, na kasoro tunazozijadili si zake peke yake. Ni kasoro za desturi iliyoenea ya kufasiri neno kwa neno pasipo kukitazama kitu.

Huenda msomaji akauliza kama kuna haja ya kushughulikia istilahi za chumba cha giza katika zama hizi za picha za simu. Haja ipo. Upigaji picha kwa filamu haujafa. Kiwanda cha Ilford kilichoko Mobberley, Uingereza, na kile cha Foma kilichoko Hradec Králové, katika Jamhuri ya Cheki, vingali vikitengeneza filamu za vipande vikubwa pamoja na karatasi za picha. Kilichoadimika ni mashine mpya za kukuzia negativu kubwa. Kampuni ya Durst ya Italia ya Kaskazini, iliyoanzishwa mwaka 1936 na kusifika kwa mashine zake ziitwazo Laborator, leo hutengeneza mitambo ya uchapaji wa dijiti. Basi wapigaji picha hulazimika kuzirudia zile za zamani: Durst, Omega D2 ya Marekani, De Vere 504 ya Uingereza. Hizi ni mashine za chuma na kioo, na aghalabu hutengenezeka zikiharibika. Kitengenezwacho huhitaji mwongozo, na mwongozo huhitaji maneno yasiyopotosha.

Mashine na kazi yake

Kabla ya kulihukumu neno hapana budi kukieleza kitu. Mashine ya kukuzia picha ni kamera iliyogeuzwa kazi. Kamera hupokea mwanga kutoka nje na kuuelekeza juu ya filamu. Mashine hii hupitisha mwanga katika filamu iliyokwisha kusafishwa na kuuelekeza nje, juu ya karatasi. Undugu huo ni wa tangu mwanzo. Mwaka 1857 David Woodward wa Baltimore, Marekani, alipopata hataza ya chombo cha kukuzia picha kwa nuru ya jua, chombo hicho kiliitwa kamera ya jua.

Mashine ya kawaida ina ubao wa chini, nguzo iliyosimama juu ya ubao huo, na kichwa kinachopanda na kushuka katika nguzo. Ndani ya kichwa mna taa. Chini ya taa mna ama lenzi nene za kukusanyia mwanga, ama kioo cheupe cha kuutawanya. Hufuata kishikio cha negativu, kisha mvukuto, na mwisho lenzi ya kutupia picha chini. Hapa mfasiri wetu anastahili pongezi. Maneno "kichwa", "nguzo" na "mvukuto" ameyachagua vizuri. Mvukuto wa mhunzi hupuliza hewa na huu haupulizi, lakini umbo la mikunjo inayorefuka na kufupika ni lile lile, na fundi yeyote aliyewahi kupita penye kiwanda cha mhunzi ataelewa mara moja. Hiyo ndiyo njia ya kutohoa maana pasipo kutohoa sauti.

Kikubwa ni kipi?

Kasoro ya kwanza imo katika jina lenyewe. Rasimu huita mashine hizi "vikuza vya muundo mkubwa". Tuliwasomea maneno hayo walimu kadhaa, na takribani wote walielewa kuwa ni mashine zenye umbo kubwa, au mashine zinazotoa picha kubwa. Maana zote mbili si sahihi. Mashine ndogo ya filamu ya milimita 35 nayo yaweza kutoa picha ya kutundikwa ukutani; na mashine ya negativu kubwa yaweza kutumika siku nzima kutoa picha za kadiri ya kiganja. Kilicho kikubwa ni negativu inayoingia, wala si picha inayotoka.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Negativu ya milimita 35 ina upana wa milimita 24 na urefu wa milimita 36. Negativu ndogo katika jamii ya kubwa ina inchi 4 kwa 5, na eneo lake linakaribia mara 15 ya ile ya kwanza. Anayetaka picha ya inchi 16 kwa 20 huikuza negativu ya inchi 4 kwa 5 mara 4 tu kila upande. Ile ya milimita 35 yampasa kuikuza takribani mara 17 ili upande mfupi utoshe. Hapo ndipo siri ya ung'avu wa picha hizo ilipo: hukuzwa kidogo. Basi jina linalomfanya msomaji afikiri kuwa sifa ya mashine ni kukuza sana limeugeuza ukweli juu chini.

Tena kuna hasara ya fedha. Karani anayejaza hati ya ununuzi kwa kufuata jina hilo aweza kuagiza lenzi isiyofaa. Negativu ya inchi 4 kwa 5 kwa kawaida huhitaji lenzi ya milimita 135 au 150, na ile ya milimita 35 huhitaji lenzi ya milimita 50. Lenzi ya milimita 50 ikifungwa katika mashine kubwa, pembe za picha hubaki gizani. Kwa hiyo tunapendekeza ukubwa utajwe pale ulipo: "mashine ya kukuzia negativu kubwa".

Hasi ya filamu na hasi ya umeme

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Rasimu nzima hutumia "hasi" kwa maana ya negativu. Tunaelewa hoja ya mfasiri. Hesabu na fizikia zimekwisha kutuzoesha "chanya" na "hasi", na neno hili lina sura ya Kiswahili kuliko "negativu". Lau mwongozo ungehusu filamu peke yake, tungeweza kulistahimili.

Lakini mwongozo huu unafundisha pia kubadili taa. Balbu za zamani za mashine hizi zimekuwa adimu, na watumiaji wengi siku hizi hufunga taa za LED mahali pake. Badiliko hilo lina faida: taa hizo hazichemshi negativu kama balbu, na kwa kuwa karatasi za ugumu mbalimbali huitikia mwanga wa buluu kwa namna moja na wa kijani kwa namna nyingine, fundi aweza kuongoza weusi na weupe wa picha kwa kuchanganya rangi hizo mbili. Ila taa za LED hutaka umeme usiogeuka mwelekeo, kama ule wa betri, wenye waya chanya na waya hasi. Zikifungwa kinyume haziwaki, na zaweza kuharibika.

Sasa na tuisome sentensi hii ya rasimu, inayofuata mara tu baada ya maelezo ya kufunga taa: "Geuza hasi ili upande wenye dawa utazame chini." Mfasiri alikusudia filamu, maana negativu huwekwa upande wa dawa ukiielekea lenzi. Msomaji aliyekwisha kushika waya mkononi atatafuta waya wa kugeuza. Kurasa mbili mbele twasoma: "Futa vumbi kwenye hasi kabla ya kuwasha." Ipi? Mwandishi anajua, kwa sababu ana matini ya asili mbele yake. Fundi hana.

Kanuni yetu ni kwamba katika matini moja neno moja lisibebeshwe vitu viwili vinavyoweza kukutana katika mkono mmoja. Mafundi wa studio wamekuwa wakisema "negativu" kwa miaka mingi, na hakuna anayekosa kuwaelewa. Neno lililokwisha kulipiwa ada ya matumizi lisifukuzwe kwa kosa la kuzaliwa ugenini. "Hasi" libaki na umeme na hesabu.

Kusafisha, kuchoma na kukwepa

Kasoro ya tatu ni ya vitenzi. Watu husema "kusafisha picha" wakimaanisha kazi yote inayofanywa studio, tangu filamu kutolewa katika kamera hadi picha kupatikana. Usemi huo ni mzuri na hatuna ugomvi nao. Ugomvi unazuka mwongozo unapoamuru: "Baada ya kusafisha, isafishe kwa maji." Karatasi iliyotoka chini ya mashine hupitia hatua nne: dawa inayoiibua picha, dawa inayoisimamisha ile ya kwanza, dawa inayoiimarisha picha isiathiriwe tena na nuru, kisha maji. Mwanafunzi atakayeitoa karatasi katika dawa ya kwanza na kuipeleka majini, akidhani ametii, atashuhudia picha yake ikiharibika mara tu atakapoitoa nje penye mwanga. Hatua nne zataka vitenzi vinne.

Kichekesho zaidi ni pale rasimu inapomwagiza fundi "kuchoma" pembe za picha na "kukwepa" uso wa mtu. Hizo ni lahaja za mafundi wa Ulaya na Marekani zilizovishwa kanzu ya Kiswahili. Hakuna moto wala mkwepaji. Fundi huongeza mwanga mahali pamoja na kuuzuia mahali pengine. Ansel Adams, mpigaji picha wa Marekani (1902–1984), alizikuza negativu zake za inchi 8 kwa 10 huko Carmel kwa mashine ya kulala, akitupa picha ukutani. Lakini kazi ya mikono yake ilikuwa hiyo hiyo, kuongeza na kuzuia mwanga. Basi tuseme hivyo.

Kuukuu au ya zamani?

Neno la mwisho linawahusu hasa watumishi wa ofisi. Rasimu huziita mashine hizi "kuukuu". Kitu kikuukuu ni kilichochakaa. Mashine iliyoundwa miaka 60 iliyopita, ambayo nguzo yake ingali imenyooka na kishikio, lenzi na ubao wake vingali sambamba, haijachakaa. Ina umri tu. Katika daftari la ghala tofauti hiyo ni ya uhai na mauti, kwa maana kilichoandikwa "kuukuu" au "chakavu" hufuata njia ya mnada wa vyuma, na anayekinunua hukinunua kwa uzito. "Ya zamani" hutaja umri na kuiacha hali ya kitu ielezwe mbali. Afisa na aandike yote mawili: umri, kisha hali.

Mapendekezo

Kutokana na hayo tunawapendekezea wafasiri na walimu maneno yafuatayo:

Mashine ya kukuzia negativu kubwa: mashine ya kukuzia negativu za inchi 4 kwa 5 au zaidi.
Negativu: filamu iliyosafishwa ambayo weusi na weupe wake umebadilishana nafasi.
Kishikio cha negativu: fremu inayoibana negativu ndani ya mashine.
Lenzi ya kukusanyia mwanga: lenzi nene iliyo kati ya taa na negativu.
Kitawanya mwanga: kioo cheupe kinachotumika mahali pa lenzi hiyo.
Fremu ya karatasi: fremu inayoilaza karatasi chini ya lenzi bila kujikunja.
Kuibua, kusimamisha, kuimarisha, kuosha: hatua nne za dawa na maji, kwa mpango huo.
Kuongeza mwanga, kuzuia mwanga: kurekebisha sehemu za picha wakati wa kuikuza.

Hatudai kuwa orodha hii imekamilika. Tunadai jambo moja tu, kwamba mfasiri wa maneno ya ufundi asikae na kamusi peke yake. Aende chumba cha giza, asimame kando ya fundi, aulize kila sehemu inaitwaje na inafanya nini, kisha arudi mezani. Rasimu iliyotufikia yaweza kusahihishwa kwa wiki moja ya kazi ya namna hiyo. Ikichapishwa kama ilivyo, watakaoisahihisha ni mafundi, kwa gharama ya taa zilizoungua na karatasi zilizoharibika.