Kibodi na Mwandiko wa Kale

Kevin Donnelly alipotengeneza programu iitwayo Andika!, alikusudia kumwezesha mtu kuchapa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na kuuhamisha mwandiko huo katika herufi za Kirumi. Ni kazi ya kusifiwa, maana tenzi na barua za pwani ziliandikwa kwa hati hiyo muda mrefu kabla wamisionari hawajaeneza herufi za Kirumi. Hata hivyo yafaa tuipime kazi ya namna hii kwa mizani ile ile tunayoitumia katika darasa la Kiebrania.

Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi. Kiswahili kina irabu tano. Tena Kiarabu hakina p, ch wala v. Mwandishi wa zamani alitosheka na herufi ba, akaitumia kwa b, kwa p, hata kwa mb, akamwachia msomaji ajuaye lugha atambue. Mwaka 1997 Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl walipendekeza utaratibu ulio kamili zaidi, wakifuata Kiswahili cha Mombasa. Kwa mtu aandikaye leo, huo ni msaada mkubwa. Lakini anayenakili Utenzi wa Tambuka, ambao una nakala yenye tarehe ya 1728, akibonyeza p mahali ambapo mnakili aliweka ba, amekwisha kufasiri kabla ya kunakili. Msomaji wa kesho hatajua kwamba hapo palikuwa na shaka.

Wamasoreti walilijua jambo hili. Hawakuzigusa konsonanti walizozipokea. Waliongeza alama za irabu, na palipopasa kusomwa vingine waliandika pembeni. Basi hatari ninayoiona katika kibodi za hati za kale si uchache wa herufi, bali ni haraka ya kusahihisha. Kwanza na kichapwe kilichoandikwa. Kinachosomwa kiwekwe mahali pake.

Wala habari hii si ya watu wa pwani peke yao. Kisukuma kinachosemwa hapa Lamadi kina irabu saba, na kibodi ya simu hutuonyesha herufi tano za irabu. Mzee wa usharika aniandikiapo ujumbe, hunibidi kuusoma kwa sauti mara mbili ndipo nijue alikusudia neno gani.